Kasula Nyeusi Niliyoambiwa Niichome

Ninyi mnaojifunza kushona siku hizi, mnaogusa pedali kidogo na kitambaa kinajiendea chenyewe, kaeni niwaambie kwanza jinsi padre anavyopimwa. Hapimwi akiwa amesimama wima, mikono chini, kama mtu anayepimwa suti ya harusi. Mwambie ainue mikono yote miwili juu ya kichwa na akae hivyo mpaka achoke. Akianza kukuangalia vibaya, hapo ndipo upime. Padre kazi yake ni kuinua mikono, na kasula, lile vazi la juu analovaa kwenye misa, likishonwa kwa kipimo cha mtu aliyelegea litamwaibisha mbele za watu.

Mimi nilijua hivyo baada ya kuharibu. Kasula yangu ya kwanza nilimshonea padre mmoja mnene wa vigango, makanisa madogo ya vijijini, upande wa Kyuso. Siku ya kuivaa alifika kwenye kuinua kikombe, kwapa zikakataa. Kikombe kilifika kidevuni kikakwama hapo. Waumini walidhani ni utaratibu mpya umetoka Roma, wakainamisha vichwa kwa heshima. Wiki iliyofuata alinijia dukani na kuniambia, "Fundi, wewe umenishonea pingu." Sista Klara, mtawa mzungu aliyenifundisha kazi, alicheka mpaka akavua miwani.

Sista huyo alikuwa mpole kwa kila kitu ila kazi. Uzi wa nguo ya altare ukiulamba ili uingie kwenye tundu la sindano, alikunyang'anya sindano. Vipande vinavyobaki hukupewa ruhusa ya kufutia mashine wala kuwapa watoto wacheze. Na nguo ya misa iliyochakaa, alisema, haiuzwi wala haigeuzwi mfuko. Inachomwa, na jivu lake linamwagwa mahali watu hawakanyagi. Nilimwuliza kwa nini tupoteze kitambaa kizuri namna hiyo, nami kwetu hata gunia lililotoboka tulilitia kiraka. Akasema nguo iliyosimama mbele ya watu wakilia haiwezi kurudi kuwa kitambaa.

Nilimwitikia, "Ndiyo Sista." Kijana akiitikia haraka hivyo, jueni hajasikia.

Duka langu lilikuwa Kikima, huko juu Mbooni, chumba kimoja chenye mlango wa mbao. Anayejua Kikima anajua mwezi wa saba. Ukungu unashuka asubuhi na siku nyingine hauondoki kabisa. Mteja anakuja unasikia viatu vyake kwanza, halafu kikohozi, ndipo unamwona. Nguo iliyofuliwa inakaa siku nne kwenye kamba. Kitambaa cha hariri ukikiacha wazi kinaota madoa, kwa hiyo nilizoea kutundika kila kitu cha thamani nyuma ya mlango, mbali na dirisha.

Mwaka mmoja wa sabini na kitu paroko wetu mpya, kijana Mkamba mwenzetu, alisafisha sakristia, chumba cha mavazi ya misa. Akanipa gunia la mavazi yaliyoliwa na nondo akaniambia niyachome kama inavyotakiwa. Niliyachoma. Nilimwaga jivu kwenye shina la mkuyu, na hata sala nikasali. Lakini kasula moja niliitoa kwenye gunia nikaitundika nyuma ya mlango.

Ilikuwa kasula nyeusi ya zamani, ya mtindo ule mgumu wa mgongo bapa, yenye msalaba mweupe mgongoni. Zamani, kabla kanisa halijabadilisha mambo, padre alizika kwa nguo nyeusi. Na padre aliyeivaa hiyo alikuwa Padre Yosefu, mzungu mzee aliyekaa kwetu mpaka akasahau kwao, naye sasa alikuwa amelala kwenye makaburi ya misheni. Hakuna boma la Wakatoliki pale mlimani ambalo hakuwa amefika na nguo hiyo. Baba yangu alizikwa padre akiwa ameivaa. Ndugu yangu mdogo, aliyekufa kwa surua, vivyo hivyo. Bega la kushoto lililiwa na panya, na mimi ndiye niliyelitia rufu, kuziba tundu kwa kulifuma uzi, nikiwa bado mwanafunzi. Uzi mweusi uliniishia katikati nikamalizia kwa uzi wa kahawia. Usiku huo mama yangu alinishikia kitambaa kikiwa kimenyooka ili nione vizuri. Kwa hiyo rufu hiyo aliijua kama nilivyoijua mimi.

Mbona sikuichoma? Ningependa kuwaambia ni kwa ajili ya kumbukumbu ya baba. Hapana. Hariri ilikuwa nzuri, na mimi ni fundi. Nilijidanganya kwamba nitaitumia kama kielelezo cha kukatia.

Ikakaa nyuma ya mlango miezi kadhaa. Wateja walianza kuisalimia. Mtu anaingia kutoka kwenye ukungu, macho hayajazoea giza la chumba, anaona kitu cheusi kimesimama pembeni, anasema, "Habari ya asubuhi, Padre." Halafu anagundua na kucheka, lakini anachekea mlangoni, haingii tena. Mke wangu aliniletea chai siku moja akaiweka nje kwenye kizingiti. Akasema, "Mimi siingii mpaka huyo mtu atoke."

Huyo mtu alitolewa na Kyalo.

Kyalo alikuwa mchekeshaji. Alikuwa na kikundi chake cha watu wanne na pikapu moja, wanapiga ngoma na kuigiza kwenye masoko kuanzia Salama hadi huko Kyuso, saa za mchana siku za soko. Utotoni alikuwa mtumishi wa altare, kwa hiyo aliyajua mambo yetu kutoka ndani, na hapo ndipo ubaya ulipo, maana anayekudhihaki vizuri ni yule aliyekula kwako. Alikuja kutengenezewa suruali. Akaiona ile nguo, akaipapasa.

"Fundi, hii unauza?"

"Hiyo haiuzwi."

Alirudi wiki iliyofuata na pasi ya makaa, mpya, nzito, yenye jogoo wa shaba kwenye kifungio. Yangu ilikuwa imetoboka chini na ilikuwa ikimwaga majivu kwenye mashati ya watu. Akaiweka mezani. Nikamwuliza nguo anaitakia nini, akajibu, ni ya mchezo. Sikuuliza mchezo gani. Fundi asiyetaka kujibiwa haulizi. Niliikunja nikaifunga kwenye gazeti, naye akaondoka nayo.

Habari zilitufikia kupitia kwa katekista wetu, Bwana Ndolo, mtu mkali na mwaminifu, aliyekuwa ameenda Salama kutafuta mbuzi. Jumapili, baada ya misa, tulibaki kwenye darasa la shule ya misheni, kama watu arobaini, akasimama kutueleza. Kikundi cha Kyalo kina mchezo mpya unaowavunja watu mbavu. Kuna padre anaitwa Padre Nyamachoma. Anaungamisha watu kwa kuku. Dhambi ndogo kifaranga, dhambi kubwa jogoo, uzinzi mbuzi mzima. Anabariki sufuria. Anasoma misa ya marehemu na marehemu anaamka kuomba mchuzi. Na soko linalofuata watakuwa hapa kwetu Kikima, kwenye ukumbi wa soko.

"Hayo yote ningevumilia," Ndolo akasema. "Wachekeshaji ni wachekeshaji. Lakini nguo aliyovaa naijua. Ni ile nyeusi ya Padre Yosefu. Nimeona uzi wa kahawia kwa bega."

Wanawake wawili walianza kulia palepale. Mnatakiwa kuelewa, haikuwa nguo ya padre tu iliyochekwa. Kila aliyekuwa darasani alikuwa na mtu wake aliyeagwa na nguo hiyo kwa mara ya mwisho.

Muema, mwenyekiti wa vijana, alisimama. "Mimi nasema tuwangoje pale kwa daraja. Wakikula mawe hawatapanda huku tena."

"Mawe hapana," Ndolo akasema. "Twende kwa DO wa serikali. Wanyang'anywe laiseni, hiyo maneno iishe."

"DO mwenyewe atakuwa amekaa mbele anacheka," mtu mmoja akasema nyuma.

Paroko alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yakimfika kifuani. Alisema tukiwapiga tutakuwa tumeongeza mchezo mwingine wa kuchekwa, na tukinyamaza watu wetu watadhani imani ni kitu cha kutupiwa kuku. Alisema hata yeye hajui la kufanya. Nilimpenda kwa kusema hivyo. Halafu akageuka akanitafuta kwa macho.

"Fundi Nzioka. Ile nguo si ilikuwa kwa gunia nililokupa?"

"Ilikuwa, Padre."

"Na ulichoma?"

Watu wote waligeuka. Mama yangu alikuwa ameketi safu ya pili, kitambaa cheupe kichwani. Nilikuwa mshonaji wa kanisa, mweka hazina wa jumuiya, mtoto wa mjane aliyenilea kwa kuuza maharagwe. Sema ukweli sasa, nikajiambia. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Nilichoma, Padre. Zote."

Nilitarajia wanibishie. Nilitarajia mtu aseme, basi umeona vibaya, Ndolo. Haikuwa hivyo. Muema, aliyekuwa bado amesimama akizungumza habari ya mawe, alikaa chini polepole. Mwanamke mmoja akasema, "Asi!" na kuvuta shuka lake mpaka shingoni. Hapo nikaelewa nilichokifanya. Ndolo hakuwa mwongo, na mimi hawakunijua kuwa mwongo. Kama nguo ilichomwa, na nguo iko Salama mgongoni kwa mtu, basi imerudi.

"Labda ni nyingine inayofanana," paroko akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba.

Mama akasimama. "Nzioka ni mwana wangu. Akisema amechoma, amechoma." Sikuweza kumtazama. "Na kama imerudi, haikurudi sababu ya kuchekwa. Tukipatwa na msiba hapa sisi hufanya nini? Hatuendi kwa DO. Hatuchukui mawe. Tunaenda kukaa. Mtu anaweka kitambaa kwa kichwa, anaenda, anakaa na wafiwa, anafunga mdomo. Mimi soko nitaenda kukaa."

"Mama, ukae kwa shoo?" Muema akauliza.

"Nikae kwa matanga."

Hiyo ndiyo iliyoamuliwa. Hakuna kura iliyopigwa. Wanawake walianza kutoka nje na mambo yakawa yameisha, kama inavyokuwa kwetu mama wakubwa wakishasema.

Nilikuwa na siku nne za kusema ukweli kabla ya soko. Nilizitumia kushona. Kitambaa nilichoshona siku hizo kilirudishwa chote, mikono ya mashati nilikuwa nimeigeuza nje ndani.

Siku ya soko ukungu haukuondoka. Saa tisa mchana ilikuwa kama jioni, na ukumbi wa soko ule haukuwa na vioo madirishani, kwa hiyo ukungu uliingia ukakaa nasi. Tulifika kama watu sitini. Wanawake walivaa vitambaa vyeupe, wanaume tulishika kofia mikononi. Tulilipa kiingilio kama wengine na kuketi katikati, tukatulia. Pembeni na nyuma walikuwa majirani zetu wa makanisa mengine, wakulima na wauza duka, watu wazuri waliokuja kucheka kidogo na baridi ile.

Ngoma ikalia, Kyalo akatoka.

Nimeshona mavazi ya mapadre miaka thelathini na kitu, na nawaambia, nguo ya misa inambadilisha mtu hata asipotaka. Alitoka akitembea kwa mbwembwe, tumbo la matambara mbele, kofia ya manyoya ya kuku kichwani. Lakini alipogeuka kubariki sufuria, ule msalaba mweupe ulitokea kwenye ukungu bila kichwa wala miguu, na mtu mmoja karibu nami alifanya ishara ya msalaba kwa mazoea. Halafu mwingine. Halafu safu nzima.

Nyuma walikuwa wakicheka. Kyalo akapata nguvu, akaongeza. Lakini kicheko kina tabia, kinataka mwenzake. Mtu wa nyuma akicheka anatazama mbele kuona wengine, na mbele aliona migongo sitini imetulia. Kicheko kilianza kupungua, kikabaki kwa vijana wachache, kikabaki kwa mmoja, huyo mmoja akajisikia na kuacha. Palikuwa na mnunuzi wa ng'ombe, Mwislamu aliyekuja na mifugo kutoka upande wa Kyuso, amekaa karibu na mlango. Akasimama akamwuliza mkusanya kiingilio, kwa sauti ya kawaida iliyosikika ukumbi mzima, "Ndugu, hapa kuna msiba. Mbona mnauza tikiti?" Akatoka. Hakudai pesa zake.

Kyalo alifika kwenye sehemu ya kuungamisha. Aliketi kwenye kigoda, akaita kama alivyozoea, "Nani ana dhambi na kuku?" Mwenzake ndiye aliyetakiwa kutoka na jogoo kwapani. Kabla hajatoka, mama yangu alisimama.

Nilimshika shuka. Alilitoa mkononi mwangu bila kugeuka. Alipanda zile ngazi tatu akishikilia goti, akaenda upande wa kigoda, upande wa bega la kushoto, akapiga magoti kwenye mbao.

"Mama, kuku iko wapi?" Kyalo akasema, akitutazama sisi ili tucheke. Hakuna aliyecheka. Mama alifanya ishara ya msalaba. Akamwegemea sikio akaanza kusema.

Alisema kwa muda mrefu. Hatukusikia neno hata moja. Tuliona midomo yake tu, na tuliona uso wa Kyalo. Mwanzoni alikuwa bado na tabasamu la kazi, limekaa hapo kwa sababu hakujua aliweke wapi. Kisha likatoka. Alivua ile kofia ya manyoya akaiweka chini. Aliinamisha kichwa kumsogelea zaidi, na mkono wake ukaja ukashika rufu ile ya bega, ukaishikilia kama mtu aliyechomwa na mwiba. Niliwaza, anamwambia habari zangu. Kisha nikawaza kitu kibaya zaidi: hamwambii habari zangu, anaungama. Ameamini. Anampa dhambi zake Padre Yosefu.

Mama alipomaliza alibaki amepiga magoti, akingoja. Kila Mkatoliki ukumbini alijua anangoja nini. Kyalo aliinua mkono, na niliuona mkono ukikataa, ukisimama nusu ya njia hewani. Mtu huyu alikuwa amebariki sufuria robo saa iliyopita. Akasema jambo moja, polepole sana. Mama akaitikia kwa kichwa, akashuka, akaketi kando yangu. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

Kyalo aliondoka kwa mlango wa nyuma akiwa na nguo ileile. Wenzake walimtafuta kwenye ukungu wakipiga honi ya pikapu hadi giza. Watu waliokuwa wakirudi kutoka soko walikutana naye kwenye barabara ya kupanda mlima, wakaona kitu cheusi chenye msalaba kinapita, hakiwajibu salamu. Wapo waliotupa mizigo. Wapo waliopiga magoti kwenye matope. Nimesikia hadithi hiyo ikisimuliwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa.

Siku ya tatu alikuja kwangu. Nguo alikuwa ameikunja sawasawa, msalaba juu, kama alivyofundishwa utotoni kuikunja sakristiani. Hakukaa.

"Choma," akasema. "Leo. Nikiona."

Tuliichoma nyuma ya duka, sisi wawili. Hariri kuukuu haiwaki haraka, inajikunja kwanza. Moshi haukupanda, ulilala kwenye ukungu ukatuzunguka miguu, na tulikohoa sote wawili bila kusogea. Nilimwuliza mama alimwambia nini. Akanitazama kana kwamba nimemwomba suruali aliyovaa.

"Yule mama ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi mwambie mimi si padre."

"Anajua. Kila mtu anakujua, Kyalo."

"Mwambie tu. Mwambie nguo ilitoka wapi. Nilimwambia aende na amani, sikujua maneno mengine ya kusema. Sasa hajui hiyo amani ni ya nani."

Nikamwambia nitamwambia. Aliacha uchekeshaji mwezi huohuo. Kikundi kiliendelea na mtu mwingine, na mchezo wa padre hawakuurudia.

Sikumwambia mama. Nilianza mara nyingi. Nilikuwa naenda kwake na nyama Jumamosi, nimepanga maneno njiani, nafika ananiwekea kiti na kunichagulia kipande kizuri, maneno yanarudi tumboni. Pasaka ilipokuja watu walipanga mstari wa kuungama. Yeye alibaki kwenye benchi. Katekista alipomwuliza, alimjibu, "Mimi niliungama kwa Padre Yosefu." Alisema hivyo akinitazama mimi, si katekista. Nimeutazama uso huo kichwani miaka yote hii, na bado sijui kama alikuwa mtu aliyeamini au mtu aliyekuwa akinisubiri.

Kila Pasaka akajibu hivyohivyo. Mwaka wa tisa, alipougua ugonjwa wa mwisho, paroko aliletwa. Alikubali mafuta, akasali naye Baba Yetu, na alipoulizwa kama anataka kuungama akasema alishaungama. Nilikuwa mlangoni. Ilikuwa sentensi moja tu niliyotakiwa kusema, na nilikuwa na pumzi. Nilienda nje kukata kuni.

Baadaye nilimwungamia paroko yote. Aliniambia Mungu hakosi njia ya kumfikia mjane aliyepiga magoti kwa moyo safi, hata aliyeko kigodani akiwa nani, na hilo nilishike. Halafu akanipa kitubio: niwarudishie watu ukweli niliowaibia. Rozari ningeisali hata mia. Hicho nilishindwa. Maana hadithi ilikuwa imekua. Kwenye vigango walikuwa wakiwafundisha watoto kwamba kasula ya Padre Yosefu ilichomwa ikatoka motoni kuwatetea marehemu, na mara mbili niliitwa nitoe ushuhuda, mimi fundi niliyeichoma kwa mikono yangu. Nilisimama nikasema, "Nilichoma," na kwa kuwa kufikia wakati huo nilikuwa nimeichoma kweli, nilijifanya sijasema uongo. Sasa nimestaafu, macho hayaoni tundu la sindano, na kitubio hicho ndicho ninachokifanya hapa. Ilitundikwa nyuma ya mlango wangu. Niliibadilisha na pasi.

Kyalo nilimwona mara moja tena, kwenye miaka ya tisini. Alikuwa na mkahawa mdogo Salama, kando ya barabara kuu, na nilisikia anaumwa. Nilimkuta chumba cha nyuma, amekonda, malori yanapita nje na kitanda kinatetemeka. Alifurahi kuniona. Tuliongea habari za wazee waliokufa, za Muema ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa na hataki vijana wapige gitaa. Alinichekesha, bado alikuwa anaweza. Kisha nikamwuliza lile nililolijia.

"Kyalo, niambie kitu kimoja tu. Sitaki dhambi zake. Aliujua ule mshono wangu, ama aliniamini?"

Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Yale aliniambia ni yake, Fundi."

"Wewe si padre."

"Mimi si padre. Lakini yeye alipiga magoti." Akavuta pumzi, akaikosa, akaivuta tena. "Na hilo swali si langu. Ungemwuliza yeye."

"Mama alikufa."

"Najua alikufa. Nilisikia, nikafunga mkahawa siku hiyo." Akafumbua macho akanitazama, bila ukali wowote. "Lakini ulikuwa naye miaka tisa, Fundi."